Nilivyoomba Doli ya Mama Iwe Feki

Kwetu mtu akizikwa, nguo zake hazikai sana. Wanawake wa familia wanakutana, sanduku inafunguliwa, kila mtu anapata kitu cha kumkumbuka, na yenye inabaki inapewa majirani. Siku ya kugawa vitu vya mama tulikaa kwa nyasi nyuma ya nyumba yake, huko juu upande wa Molo, na baridi ilikuwa imetushika mpaka tumevaa sweta juu ya sweta. Mimi nilipewa kitambaa chake cha kichwa cha kwenda kanisa. Nikapewa na mwiko yake ya kupondea viazi, imeisha upande mmoja vile alikuwa anaishika. Halafu tukafika chini kabisa ya sanduku, pale mama alikuwa anamwaga maua ya pareto iliyokauka ndio wadudu wasikule blanketi, na kutoka hapo akatolewa mtoto.

Mtoto ni doli. Lakini mama hakuwahi kumwita doli. Ni doli ya kizungu, ukimlaza kwa mkono anafika kutoka kwa kiwiko mpaka kwa vidole. Kichwa ni ya udongo laini kama kikombe ya wageni, mashavu ya pinki, nywele ya kahawia, na macho ya glasi yenye inajifunga yenyewe ukimlaza, ile ya kushoto ikichelewa kidogo kama mtu hajaamua kulala. Krismasi na Pasaka mama alikuwa anamtoa kwa sanduku, anampangusa, anampaka jeli ya kukamulia ng'ombe kwa uso vile alikuwa anatupaka sisi tukienda kanisa, mpaka anang'aa. Halafu anamketisha kwa kiti, anaangalia watu wakikula. Sisi watoto tulikuwa tunaruhusiwa kumwangalia mikono ikiwa nyuma.

Mama akiwa mgonjwa aliniambia, "Mtoto ataenda kwako. Wewe ndio unajua kukaa na kitu."

Kwa hivyo nilinyoosha mkono kumchukua. Na ndio Tata, dada mkubwa wa mama, akasema kutoka kwa kiti yake, "Hiyo usipeleke nyumbani kwako. Ni ya wizi."

Tata ni mzee, anatembea na fimbo, lakini mdomo yake haijawahi kuhitaji fimbo. Nilidhani anatania.

"Tata, mama aliniambia ni msichana wa mzungu alipatia Cucu na mikono yake, siku wanahama."

"Wanahama? Hiyo doli ilikuwa kwetu kabla wahame. Mimi nilikuwa hapo. Wewe ulikuwa wapi?"

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Hii hadithi kila mtu kwetu anaijua nusu. Cucu, mama yao, alikuwa yaya kwa nyumba ya mzungu, kwa hiyo shamba yenye baadaye ilikatwa maploti na wao wakapata moja. Nyumba ya mama imekaa kwa ardhi ya huyo mzungu. Lakini mambo ya doli, kila mtu alikuwa amebeba kipande yake.

"Nilikuwa nimepelekwa kwa jamaa kulea mtoto wao," Tata akasema. "Nilikuwa kasichana tu. Siku nimerudi, napata hiyo kitu imefichwa kwa debe ya unga. Sasa niambie. Kitu umepewa, unaificha kwa debe?"

Tata akanielekezea fimbo.

"Sikiza nikuambie. Kama ni hizo doli za rahisi za duka ya Mhindi, sawa, labda walimpatia. Lakini kama ni doli ya kweli, yenye ilikuja na meli, hakuna memsahib angepatia yaya. Hao watu walikuwa wanahesabu hata vijiko."

Mimi nilisoma gumbaru, shule ya watu wazima, jioni, baada ya kufunga kibanda yangu ya mboga, nikiwa tayari na mtoto mgongoni. Mwalimu wetu alikuwa anasema swali ikikushinda, uivunje vipande vidogo. Nilivunja hii ya Tata hapo hapo kwa nyasi, na ikatoka vipande viwili tu. Kama doli ni feki, Cucu ni msafi. Kama doli ni ya kweli, Cucu ni mwizi.

Na Cucu ndiye alilea mama, na mama ndiye alinilea mimi. Plamu ya jirani ikianguka upande wetu wa ua, mama alikuwa anairudisha juu ya ua, hata kama imeanza kuoza. Kwa kanisa yetu ya Lanet mimi ndio nasimamia akina mama, na ukiniuliza nilijifunzia wapi, nitakuambia ni kwa hiyo ua ya plamu. Sasa naambiwa hata hiyo ua imesimama juu ya wizi.

Nilimfunga mtoto kwa leso nikaenda naye Lanet. Lakini kumwingiza nyumbani, roho ilikataa. Nilimweka kwa stoo, juu ya gunia ya chakula ya kuku. Kila nikienda kuchukua chakula nilikuwa naona uso yake imenielekea, na nilikuwa nasikia vibaya kama mtu amelaza mgeni nje. Siku ya pili nikamfunika na sweta. Siku nyingine nikampelekea mto.

Bwana yangu ako Olkaria, anafanya kazi kwa hizo visima vya mvuke ya stima, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Akipiga simu alikuwa anauliza kila mtu, halafu anaongeza, "Na yule wa stoo? Ameokoka ama bado?"

"Usicheze na mimi," nilikuwa namwambia.

"Sichezi. Nauliza kama kuku wanamwamkia."

Msichana yangu, ako kwa koleji hapa Nakuru, ndiye alisema kuna watu kazi yao ni kuangalia vitu vya zamani na kusema ni vya ukweli ama ni vya bandia, na bei yake. Alikuwa amempiga picha kwa simu bila kuniuliza.

"Mum, hii kitu inaweza kuwa ya ukweli kabisa. Watu hulipa vibaya sana. Lakini enyewe inatisha. Inaniangalia."

"Anakuangalia kwa sababu hujamsalimia."

Alipata mama mmoja huko Longonot, anauzia malodji za watalii fanicha za wazungu wa zamani, na miaka mingi alifanya kazi Nairobi mahali vitu vya zamani vinapigwa mnada. Msichana akampigia, akaambiwa tulete doli, picha haitoshi. Nilikubali. Na sasa niseme kitu yenye sikuambia mtu hiyo wiki. Watu wote wenye wanapelekea huyo mama vitu, nadhani wanaomba iwe ya ukweli. Mimi nilikuwa napiga magoti naomba iwe feki. Nilimwambia Mungu, Baba, hii doli iwe ya duka. Iwe ya rahisi. Iwe takataka kabisa, nitaipenda hivyo hivyo.

Tata aliposikia tunaenda, akasema lazima aende. "Sitaki kuletewa habari. Nataka kusikia na masikio yangu."

Kwa huyo mama ilikuwa kama stoo kubwa, meza juu ya meza, saa za ukuta zenye kila moja inasema saa yake. Mlima Longonot unaonekana kwa dirisha, mzima mpaka kichwa, hakuna wingu. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa rika yangu, miwani imefungwa na kamba shingoni, sauti ya pole. Alimtafutia Tata kiti ya kukaa. Tata akaiangalia kwanza.

"Hii ni ya kuuza ama ya kukalia?"

"Yote mbili, Shosho. Kaa tu."

"Nikivunja?"

"Ukivunja tutasema ilivunjwa na mzungu. Bei itapanda."

Tata alimpenda hapo hapo, niliona.

Huyo mama alitandika taulo nyeupe kwa meza, akanawa mikono, akamlaza mtoto polepole. Jicho ya kulia ikafunga. Ya kushoto ikachelewa, ikafunga. Akapitisha nyuma ya kidole kwa shavu, akasimama. Akanusa kidole. Akapitisha tena.

"Nani amepaka hii kitu mafuta?"

"Mama yangu," nikasema.

"Mafuta gani?"

"Jeli ya kukamulia."

Alivua miwani. "Kwa nini?"

Sikuelewa swali. "Ilikuwa Krismasi, madam. Angetoka nje na uso kavu hivyo?"

Msichana yangu akaangalia chini, mabega inatetemeka. Huyo mama alinieleza vizuri, bila kunidharau, kwamba hizi nyuso hazipakwi kitu, hata maji ni ya kuogopa, na kwamba miaka yote ya jeli imeingia kwa nyufa na kwa mizizi ya nywele, na rangi ya nyusi imeenda nayo. Kwa mtu anakusanya doli, hiyo ni hasara kubwa. Nilimwambia pole kwa niaba ya mama. Lakini ndani nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nasema, tumeanza vizuri. Ameharibika. Labda hata hakuwa kitu.

Halafu akainua nywele. Ilikuwa imegundishwa tu kwa juu, ikatoka kama kofia, na chini yake kichwa ilikuwa wazi, tundu kubwa, ukiona mpaka ndani kwa macho vile imefungwa na waya na uzito kidogo. Akamgeuza akaangalia kisogo na kioo ya kukuza. Alikaa hapo sana. Saa zote za ukuta zilikuwa zinagonga.

"Njoo uone," akaniambia.

Kulikuwa na maandishi imebonyezwa kwa udongo kabla ichomwe, herufi na namba, na chini yake jina ya Ujerumani.

"Hii si ya kuigiza," akasema. "Maandishi ya kuigiza huwa juu juu, hii imeingia. Macho ni glasi ya kupulizwa na mdomo. Meno hizi mbili ndogo ziliwekwa na mkono. Hii kichwa ni ya zamani sana, kabla Shosho azaliwe. Ni ya kweli, mama. Hongera."

Hongera. Nilishika meza. Msichana yangu alikuwa ananifinya mkono kwa furaha, hajui. Nilimwangalia Tata. Nilidhani nitaona mtu ameshinda. Tata aligonga fimbo chini mara moja, akasema, "Nilisema," lakini ilitoka ndogo, kama mtu alikuwa pia anaomba asishinde.

Nilianza kufunga leso. Nilikuwa nimeshaamua nikiwa Lanet, kama ni ya wizi hailali kwangu. Sikujua nitairudisha kwa nani, wenyewe walienda zamani, lakini kwangu hailali.

"Ngoja," yule mama akasema. "Sijamaliza. Kichwa ni ya kweli. Lakini huu mwili si wake."

"Si wake vipi?"

"Kichwa kama hii inakuja na mwili ya mbao na ya karatasi ngumu, na viungo, unakunja goti. Hii ni nguo imeshonwa na mkono na kujazwa kitu. Haikutoka kiwandani."

Akawasha taa ndogo akaingiza kwa tundu ya kichwa, na akaniambia niangalie kwa nje. Uso wote uliwaka kama taa ya chemli, na nikaona mistari. Mstari kutoka kwa paji mpaka kwa sikio, mwingine chini ya jicho ya kushoto, mwingine kwa kidevu, mingine midogo ikikutana. Miaka yote nilikuwa nadhani ni uso mzima. Jeli ilikuwa imeficha.

"Hii kichwa ilivunjika vibaya," akasema. "Vipande vipande. Halafu mtu akavirudisha, na si fundi. Fundi hutumia gundi yenye haionekani. Hii ni gamu ya miti, angalia rangi yake. Na kwa ndani ameshikilia na vitambaa vidogo vya gunia, kama mtu anafunga kidonda." Akasogeza taa akiangalia. "Ilimchukua muda huyu mtu. Vipande vingine ni vidogo kama punje ya mchele."

Tata alikuwa ameinuka kwa kiti. Sikumsikia akiinuka.

"Naweza kufungua hapa mgongoni, chini ya shingo, kidogo?" huyo mama akauliza. "Nione kichwa imefungwa aje. Nitashona tena."

Mimi nilimwangalia Tata. Tata akasema, "Fungua."

Alikata nyuzi tatu nne kwa mgongo wa doli na makasi ndogo. Kitu ya kwanza kutoka ilikuwa unga kama vumbi, halafu vichwa vya maua, vimekauka vimekuwa kahawia. Sihitaji mtu kuniambia. Watoto wa huko juu tulikuwa tunachuna pareto tukitoka shule, mikono inawasha. Harufu ilikuwa imebaki kidogo tu, lakini ilikuwa pareto. Nyuma ya maua ilikuja manyoya ya kondoo, na haikuwa na tundu hata moja ya wadudu.

"Nani huweka pareto kwa doli?" huyo mama akauliza.

"Mtu anataka ikae," nikasema.

Akavuta zaidi. Ndani ya nguo ya nje kulikuwa na nguo nyingine, ya kufanya mwili iwe ngumu kidogo, na akaivuta pembe yake na koleo. Ilikuwa kitambaa nzito ya kijivu, na mstari mwekundu kwa ukingo.

Tata alitoa sauti. Haikuwa neno. Alipita msichana yangu, akaangusha fimbo, akashika ile pembe na vidole viwili.

"Blanketi yangu!"

Tulidhani amechanganyikiwa. Msichana akaokota fimbo, "Shosho, kaa chini, pole pole."

"Wacha kuniambia kaa! Hii ni blanketi yangu. Walinipeleka kulea mtoto wa watu, na nilikuwa na blanketi yangu, nikaambiwa iache, huko wako na zao. Nikarudi nikapata imekatwa. Imekatwa hapa chini yote! Nikauliza mama, nani amekula blanketi yangu? Akasema panya." Aligeuka kwangu kama ni mimi nilikata. "Panya! Baridi ya Molo unaijua. Nililala miguu nje mpaka nikaolewa!"

Yule mama wa Longonot alikuwa amefunika mdomo na mkono. Mimi nilianza kucheka, halafu nikaona Tata hacheki, halafu nikaona anacheka, lakini machozi inatiririka kwa mikunjo yote ya uso, na hajui afanye ipi kwanza.

Alikaa. Tukampatia maji. Na vile alikuwa anakunywa, polepole, alianza kusema vitu vingine, kama mtu anatoa nguo kwa sanduku moja moja. Kwamba hiyo wakati yeye ako kwa jamaa, mama yangu alikuwa mgonjwa wa surua, na watu walikuwa wamesema hatapona. Kwamba nyuma ya jikoni ya mzungu kulikuwa na shimo ya takataka, na kila jioni ilikuwa inachomwa, na wafanyakazi walikuwa wameambiwa hakuna kutoa kitu huko, hata chupa, kwa sababu memsahib hakutaka kuona vitu vyake kwa laini ya wafanyakazi, kwa zile nyumba zao.

"Ndio akaificha," nikasema.

"Ndio akaificha," Tata akasema. "Mtu angepita aone, kazi imeisha."

"Kwa hivyo hakuna mtu alimpatia."

"Nani angepatia mtu kichwa imevunjika hivyo? Hii ilitupwa." Alifikiria. "Na mwizi haibi vipande. Mwizi angeiba mzima."

Nilikaa na hiyo. Hapo nilijua pia kwamba hadithi ya mama, ile ya msichana wa mzungu na mikono yake, haikuwa ya kweli. Lakini mama hakuwa mtu wa uongo. Naona ni Cucu alimwambia hivyo, mama akiwa kitandani na surua, kwa sababu huwezi kupatia mtoto mgonjwa kitu halafu umwambie nimeitoa kwa takataka. Unamwambia amepewa. Ile ya siku ya kuhama naona iliingia baadaye, vile hadithi huongezeka. Na mama akaamini, akaamini mpaka akazeeka, akanipatia mimi ikiwa imekunjwa vizuri. Mimi ningefanya nini tofauti? Nimewahi kuambia watoto wangu supu ya mifupa ni chakula ya wageni, ndio wasijue hatuna nyama.

Na mambo ya Mungu, niliyaangalia pia, kwa sababu hiyo ndio ilikuwa imenileta. Plamu ya jirani ni ya jirani. Lakini kitu mwenyewe ametupa kwa moto, na mwingine akaitoa kwa majivu ndio mtoto wake apate sababu ya kukaa hai, hiyo sioni ni amri gani imevunjwa. Nilisikia moyo yangu imekaa chini.

Yule mama wa Longonot alingoja vizuri mpaka tukatulia. Halafu akarudi kwa kazi yake, na sikumlaumu, ndiyo tulikuwa tumemwitia.

"Bei, mama, ni hivi. Vile iko, na nyufa na mafuta na huu mwili, unaweza kupata pesa ya kununua ndama. Lakini mimi niko na mwili ya zamani, ya Ujerumani, saizi hii hii, ilipoteza kichwa. Tukitoa hii kichwa tuweke huko, na nyufa zitengenezwe na fundi, unapata ng'ombe ya gredi mwenye anakamuliwa. Huu mwili ndio unaharibu."

"Na huu mwili ungeenda wapi?" nikauliza.

Aliinua mabega. "Huu hauna bei."

Msichana yangu aliniangalia. Najua alikuwa anafikiria ng'ombe, ama kile ng'ombe inaweza kununua, na si vibaya, sisi si matajiri. Mimi nilikuwa nafungua mdomo lakini Tata aliwahi.

"Usiuze blanketi yangu."

Alisema bila kelele, si vile Tata husema vitu. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili.

Nilimchukua mtoto kwa meza, mgongo wazi, kichwa bila nywele, pareto inamwagika, nikamweka kwa hiyo mikono. Na hapo niliona kitu. Tata hakumshika vile watu hushika doli. Aliweka kiganja nyuma ya shingo kwanza, akaunga kichwa, ndio akaleta mwili kwa kifua. Vile unashika mtoto wa wiki moja. Huko kwenye walimpeleka akiwa kasichana, akiwa bado na haki ya kucheza, hivyo ndio alifunzwa kushika, na mtoto alikuwa wa wengine. Na akirudi, anapata mdogo wake ako na mtoto wa kuchezea, na yeye hana hata blanketi. Tangu siku ya kugawa nilidhani hampendi doli kwa sababu ya amri ya Mungu.

"Hatuuzi, madam," nikasema. "Asante sana."

"Nilijua," akasema. Aliandaa sindano na uzi, lakini Tata akamnyang'anya. Alishona mwenyewe, mishono mikubwa mikubwa ya kuchekesha, akirudisha kila ua lenye lilikuwa limeanguka kwa taulo. Pembe ya blanketi aliirudisha mwisho. Aliishika kidogo kabla aisukume ndani. Huyo mama alirudisha nywele, na akaniambia tena, kwa kidole, "Na jeli, mama. Hapana. Tafadhali."

Nikamwahidi.

Bwana yangu alipiga simu jioni. "Wa stoo ako aje?"

"Ako kwa kiti yako."

"Ya kwangu? Na mimi nikija?"

"Kuna gunia ya chakula ya kuku, iko na mto."

Pasaka tulikutana tena huko juu, nyumbani kwa mama, wale wale wenye walikuwa kwa nyasi siku ya kugawa. Nilimbeba mtoto nikamketisha kwa kiti yake ya zamani. Nilikuwa nangoja Tata aseme kitu, kwa sababu yeye ndiye alitamka wizi mbele ya watu, na neno la mbele ya watu linarudishwa mbele ya watu. Alikula. Akakunywa chai. Akaomba ingine. Nikaanza kukata tamaa. Halafu akagonga kikombe na kijiko.

"Ile kitu nilisema ya hii doli," akasema, "nilikuwa nimekosea mtu. Mama yetu hakuiba kwa mzungu." Akaangalia kila mmoja. "Aliiba kwangu. Na nimemsamehe. Endeleeni kukula."

Walicheka mpaka mtu akamwaga chai, na ilibidi nieleze yote kutoka mwanzo, shimo na gamu na pareto na panya. Nikiwa katikati ya kueleza nikaona Tata ameingiza mkono kwa mfuko wa koti, ametoa kopo ya jeli ya kukamulia, mpya, bado haijafunguliwa.

"Tata, hapana. Madam alikataza."

"Alikataza nani?"

"Alisema inaharibu. Inaingia kwa nyufa."

"Iingie. Leo ni Pasaka na mtoto ana uso kama barabara ya Molo." Alikuwa tayari amechota kwa kidole. "Nimekuwa yaya kabla huyo madam wako azaliwe. Shika kopo."

Nilishika kopo. Alimpaka paji, mashavu, na chini ya kidevu, mahali watu husahau kupaka watoto, mpaka akang'aa na mistari yote ikapotea. Halafu akaweka kiganja nyuma ya shingo, akamlaza kwa mapaja yake. Jicho ya kulia ilifunga. Ya kushoto ikabaki wazi vile hubaki, na Tata akangoja, akimpigapiga mgongo polepole, mpaka ikafunga.